Sagana, Jumatatu hadi Jumamosi: mtumbwi na rafti kwenye maji ya kasi

Jumatatu

Matatu ya Karatina ilitushusha Sagana kabla ya adhuhuri, mimi na shemeji yangu. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 100 kwa njia ya Thika na Kenol, na safari yenyewe haina la kusimulia. Shemeji ni mwenyeji wa Kirinyaga. Ndiye aliyenivuta huku, maana kila tukikutana kwenye harusi au matanga hunisikia nikisifu mitumbwi ya Lamu. "Shemeji, siku moja uje uone maji ya kwetu," ndiyo iliyokuwa kauli yake, na safari hii alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza ya kozi ya mtumbwi na rafti kwa ajili yetu sote wawili.

Mto wa hapa wenyeji huuita Sagana, lakini ni Tana ule ule, mrefu kuliko yote nchini. Hukusanya maji ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita kwenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ukazunguka Garissa na Hola, mwisho ukaingia Bahari ya Hindi pale Kipini. Mimi nimeujua kwa upande huo wa mwisho. Kule kwa Wapokomo ni mto mpana na mzito, mtu husimama kwenye mtumbwi na upondo wake na hofu yake kubwa ni mamba. Huku juu ni mwembamba, umejaa mawe, na una haraka.

Alasiri yote ilikwenda kwenye fomu na vifaa. Waliuliza habari za moyo, kifafa, pumu, na kama bega limewahi kuteguka. Hilo la bega liliulizwa mara mbili, kwa sababu mkono ulionyooka juu ya kichwa ukishikwa na maji ndiyo njia nyepesi ya kung'oa bega. Kisha majaketi okozi. Mwalimu hakuamini maneno ya mtu kwamba jaketi "liko sawa". Alimshika kila mmoja mabegani mwa jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, mikanda inakazwa upya. Helmeti ikae hadi kwenye paji la uso, isirudi kisogoni. Viatu vya kufunga kamba, ndala hapana. Pete zikavuliwa. Miwani ikafungwa uzi.

Tuko sita: sisi wawili, wanafunzi watatu wa chuo kikuu na mama mmoja wa Thika, mwalimu mstaafu, aliyesema amechoka kuwatazama wajukuu wake wakifurahi peke yao. Mwalimu wetu aliuliza nani anajua kuogelea. Mikono sita ikapanda. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jumanne

Siku nzima hatukugusa chombo chochote. Tuliogelea.

Asubuhi ilikuwa kwenye kidimbwi kilichotulia, kila mtu kwenda na kurudi akiwa amevaa jaketi na viatu. Hapo nilikuwa nyumbani. Baada ya chai tulipelekwa mahali ambapo mto unapita kwa kasi kati ya kingo mbili, na ndipo mambo yalipobadilika. Baharini mkondo una saa zake: maji yanajaa, yanapwa, na ukichoka waweza kungoja. Mto haupwi. Maji yanayokusukuma sasa yana mengine nyuma yake, na nyuma ya hayo mengine, hadi mlimani. Mwalimu alitueleza hesabu yake: kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Kwa hiyo maji ya magotini, ambayo kwa macho ni ya kuchezea watoto, yanamwangusha mtu mzima.

Somo la kwanza lilikuwa kulala chali. Miguu mbele, kuelekea yaendako maji, vidole vya miguu vionekane juu, magoti yamekunjwa kidogo, makalio yameinuliwa, mikono pembeni ikipiga maji. Miguu ndiyo inayokutana na jiwe kwanza, si kichwa. Somo la pili alilirudia mpaka mama wa Thika akamwambia, "Mwanangu, tumekusikia." Nalo ni hili: usijaribu kusimama. Mtu aliyeanguka mtoni hutamani kuikanyaga ardhi. Mguu ukiingia katikati ya mawe mawili, mkondo humlaza kifudifudi juu ya mguu ule ulionaswa, na maji hayahitaji kuwa ya kina ili kumzamisha. Jaketi halisaidii hapo. Wewe lala hadi ufike mahali ambapo mikono inagusa chini, ndipo uinuke.

Kulala chali ni kwa kujikinga tu. Ukitaka kutoka, unageuka kifudifudi na kuogelea kwa nguvu, kichwa kikielekea ukingo na kidogo kuelekea yatokako maji. Unalenga edi. Hilo ndilo jina ambalo kila mtu hapa hulitumia kwa yale maji yaliyo nyuma ya jiwe au nyuma ya pembe ya ukingo, yanayotulia au hata kurudi juu huku mto mzima ukienda chini. Kati ya mkondo na edi kuna mstari, unauona kwa macho, unatetemeka. Ukiufikia unajipindua juu yake, tumbo, mgongo, tumbo, na ghafla kelele zinakuacha. Sijui kwa nini haya hayafundishwi kila shule iliyo karibu na mto. Watoto wetu wanavuka mito kwenda kusoma, na wengi hawajaambiwa kamwe kwamba nyuma ya jiwe kuna mahali pa kupumzika.

Jioni ilikuwa zamu ya kamba. Mfuko wa kurushia una kamba inayoelea, ya mita 15 hadi 20. Mrushaji anashika ncha yake, anamwita mwogeleaji hadi waonane macho, anapiga kelele "Kamba!" na kuutupa mfuko umpite kidogo, ili kamba imwangukie kifuani. Kisha anakaa chini na kujikaza, kwa kuwa uzito ukija humvuta hata yeye. Aliye majini huishika kamba yenyewe, huilaza begani, na kulala chali. Mkondo humpeleka wenyewe hadi ukingoni. Kuizungusha mkononi ni marufuku. Ikibidi kuiachia, iachike.

Wanafunzi wa chuo walikuwa na mikono mizuri. Mama wa Thika alirusha ya kwanza ikatua kwenye mti. Ya tatu ilinipata kichwani.

Jumatano

Mtumbwi, hatimaye, kwenye kidimbwi kile kile. Si wa mti, ni wa plastiki ngumu, na ndani yake, omo (mbele) na tezi (nyuma), wamefunga mifuko mikubwa ya hewa. Sababu ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na mtumbwi uliojaa unaweza kubeba mamia ya kilo za maji. Chombo cha namna hiyo kikikubana dhidi ya jiwe hakuna atakayekisukuma kwa mikono. Mifuko inachukua nafasi ambayo maji yangeichukua. Na mtumbwi ukipinduka, wewe uwe upande yatokako maji, mtumbwi utangulie. Kati ya mtumbwi na jiwe usikae hata kwa sekunde moja.

Tulipiga magoti. Kwetu anayepiga magoti kwenye mtumbwi ni anayekumba maji, lakini hapa ndio mkao wenyewe: uzito unashuka chini, magoti yanabana pembeni, na chombo kinakutii kwa kiuno. Mapigo ya kafi ni machache. La mbele. La nyuma. La kuvutia, ambapo kafi huchomekwa mbali kidogo na kuvutwa kuja ubavuni ili omo isogee upande huo. La kusukumia, kinyume chake. La kufagia, mviringo mpana wa kugeuza. Na la tezi, ambapo mwishoni mwa pigo kafi linageuzwa kidogo na kusukumwa nje, ili mtumbwi usipinde kila unapopiga upande mmoja. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni bila jina. Shemeji alilipata baada ya chakula cha mchana, akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Mkono wa juu haubanduki kwenye kile kishikio cha ncha ya kafi. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya meno ya mwenzako.

Alhamisi

Maji yaliyo hai. Mwalimu alichagua kipande cha daraja la pili. Madaraja ya ugumu wa maji ni sita: la kwanza ni mawimbi ya kuchezea, la tatu tayari linataka mtu anayeweza kugeuza chombo kwa wakati, la tano ni refu na kali na lazima likaguliwe kwa miguu kwanza, la sita ni la kuachwa. Daraja si mali ya mahali, hata hivyo. Kipande kile kile huwa la pili mwezi huu na la nne mwezi ujao, kutegemea maji.

Kabla ya kushuka tulikaa juu ya mwamba na kuusoma mto, kila mtu akisema anachoona. Mawe mawili yakisukuma maji katikati yao, hutokea umbo la V laini lenye ncha inayoelekea chini. Hiyo ndiyo njia, wanaiita ulimi. V yenye ncha inayoelekea juu ni jiwe, hata kama jiwe lenyewe halionekani. Mawimbi yaliyosimama mahali pamoja kwa mfuatano yanaonyesha kilindi, hayo ni rafiki. Povu jeupe linalorudi nyuma chini ya jiwe ni shimo: maji yanaanguka juu ya jiwe, yanapiga chini, na yale ya juu yanarudi yalikotoka. Shimo dogo linakuchezea, kubwa linakuweka. Anayewekwa hutafuta kutoka kwa pembeni, asipigane nalo uso kwa uso.

Vitu viwili vya hatari aliviweka peke yake. Cha kwanza ni mti ulioangukia mtoni. Maji yanapita katikati ya matawi, mwili haupiti. Ukiona huwezi kuukwepa, hapo ndipo kulala chali kunaachwa: unaogelea kichwa mbele na kujirusha juu ya mti kwa nguvu zako zote. Cha pili ni ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, kama ile ya kuchepulia maji ya mpunga wa Mwea kwenye mito ya Thiba na Nyamindi. Ukiutazama kutoka juu ni mstari tu, hauogopeshi. Lakini shimo lililo chini yake limenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, halina pembeni pa kutokea. Mahali pa ukuta wa namna hiyo unashuka mapema na kubeba chombo chako.

Kisha mazoezi, na hapa ndipo siku ilipokuwa tamu. Kuvuka: omo inaelekezwa yatokako maji, kwa pembe ndogo, unapiga kafi kwa utulivu, na mkondo wenyewe unakusogeza hadi ng'ambo bila kukushusha. Pembe ikizidi, omo inachukuliwa. Kuingia edi: unaukata mstari kwa kasi na kulalia upande wa ndani wa kona, kama mtu wa bodaboda. Kutoka edi kurudi mkondoni: unalalia upande yaendako maji, tumbo la mtumbwi liyaonyeshe maji yanayokuja. Ukilalia upande mwingine maji yanapanda juu ya ubavu, na unapinduka kabla hujamaliza kushangaa. Wanafunzi walipinduka. Mama wa Thika hakupinduka hata kidogo, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akifanya alivyoambiwa.

Ishara nazo ni chache, kwa kuwa mto hauachi sauti ipite. Mkono juu ya kichwa: niko salama. Kafi limesimama wima: njoo. Kafi limelala: simama hapo. Filimbi tatu: msaada. Unaponyoosha kidole unaonyesha pa kupita, kamwe si penye hatari, maana anayekutazama kwa mbali atafuata kidole.

Usiku radi zilipiga kwa mbali, upande wa Nyandarua. Hapa kambini halikudondoka hata tone.

Ijumaa

Lile jiwe lenye alama ya rangi, ambalo tangu Jumatatu lilikuwa limesimama nje ya maji, halikuonekana. Mto ulikuwa wa kahawia, umebeba majani, vijiti na gogo zima lililopita huku likijipindua. Hata sauti ilikuwa nyingine, ya chini zaidi.

Mwalimu alisema mitumbwi haishuki leo. Mwanafunzi mmoja akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, lakini jua linawaka, na sisi tumelipia siku ya leo."

"Mvua imenyesha huko juu, kijana wangu. Jua la Sagana halina habari."

Akaeleza kwamba mto unaopanda ni mbaya kuliko mto uliojaa na kutulia, kwa kuwa unasomba miti kutoka kingoni na kuitega mahali papya. Zile edi tulizozijua jana zilikuwa zimefunikwa. Aliyeanguka jana angefika ukingoni baada ya mita 30, leo angekwenda mbali zaidi bila pa kushika. Nilimheshimu kwa uamuzi ule kuliko kwa ufundi wake wote. Pwani pia nahodha anayeahirisha safari ya kusi hupigiwa kelele na abiria, na nahodha mzuri huwaacha wapige.

Siku haikupotea. Tulitembea ukingoni kutwa, tukijifunza kukagua: unaanza kutazama kutoka chini, pale mtu aliyeanguka atakapoishia, ndipo upande juu hadi mwanzo. Ukianzia juu unaona njia na kuipenda, halafu unaanza kuitafutia sababu. Pale chini ndipo panapoamua. Kama chini ya poromoko kuna maji tulivu, hesabu ni moja. Kama kuna poromoko jingine, hesabu ni nyingine kabisa.

Mchana tulirudia mpangilio wa kuokoa: kwanza sauti, kisha mkono au kafi la kufikia, kisha kamba, kisha chombo. Kuingia majini mwenyewe ni mwisho wa orodha, na watu wengi huzama wakianzia hapo.

Jumamosi

Jiwe la alama lilichomoza kichwa. Maji yalikuwa yameshuka, ingawa si ya Alhamisi. Mwalimu akaamua rafti, lile boti kubwa la mpira, na mtu wa kayaki, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, atutangulie kwa uokoaji.

Walikuja pia watu wa siku moja kutoka Nairobi, na hapo niliona tofauti. Wao walipewa maelezo ya nusu saa na kukaa kwenye boti lao wakiwa abiria wenye makafi. Hakuna ubaya, kiongozi wao anajua kazi. Lakini kwa anayetaka kujifunza ningesema mtumbwi utangulie. Rafti ni pana na inasamehe. Waweza kushuka mto mzima usijue ulipita wapi. Mtumbwi haukuachi usijue.

Amri ni fupi na hutekelezwa kabla ya kufikiri. Mbele. Nyuma. Acha. Kushoto nyuma, ili boti ligeuke. Chini, ambapo wote wanaingia sakafuni na kushika kamba, kafi limesimama. Na ile ya boti likibanwa kwenye jiwe: wote mnarukia upande wa jiwe. Mwili unataka kukimbia jiwe, na ukikimbia, uzito unashusha upande yatokako maji, maji yanaingia na boti linafunikwa.

Kabla ya kuanza, tulilipindua makusudi kwenye maji tulivu. Ukijikuta chini yake, inua mikono uguse sakafu iliyo juu yako, uisukume kuelekea upande mmoja tu bila kubadili mawazo, hadi utokee. Nje kuna kamba iliyozunguka boti, ishike. Kiongozi anapanda juu ya boti lililopinduka, anafunga mkanda pembeni, anavuta kwa uzito wa mwili, na boti linarudi. Mama wa Thika alitokea akicheka mpaka akashindwa kupanda, ikabidi avutwe kwa mabega ya jaketi. Ndipo nilipoelewa kwa nini mabega yale yalipimwa kwa ukali Jumatatu.

Maporomoko matatu ya kwanza tulishuka. La nne tulisimama, tukapanda mwamba, tukalitazama. Ulimi ulikuwepo, lakini ulimwaga maji yake yote kwenye shimo ambalo siku ya maji machache halipo. Boti la mpira la watu wanane ni zito nchi kavu. Tulilibeba kwa njia ya mbuzi, tukitelezea matope, shemeji akitoa mdundo wa wimbo wa kanisani ili hatua zilingane. Watu wa Nairobi walibeba la kwao nyuma yetu, wakilalamika mwanzoni, kisha wakaimba nao.

Saa tisa tulikuwa barabarani tukila samaki wa kukaanga na ugali, nywele zingali mbichi. Kozi ya pili, ile ya kushuka kipande chote kwa mtumbwi, hufanywa Januari na Februari, mvua za vuli zikishaisha na mto ukipungua. Mama wa Thika aliacha jina lake kabla ya kuondoka. Shemeji ameandika la kwake na la kwangu. Mimi nimemwambia kwanza bega lipoe, ndipo tuzungumze.